Amplifaya ndogo ya valvu kwa kumbi ndogo: wati 5, 12 au 20?

Ridhimu_Kwanza

Ndugu wanajukwaa, naomba mawazo yenu kabla sijafanya ununuzi ambao mfuko wangu hautaniruhusu kuurudia hivi karibuni. Napiga gitaa katika kundi la watu wanne: gitaa moja, besi, dramu na mwimbaji. Kumbi tunazopiga ni ndogo, za watu hamsini hadi mia moja, na mitambo inayokuwepo kwa kawaida inatosheleza sauti ya mwimbaji tu, ingawa baadhi ya kumbi zina maikrofoni ya ziada inayoweza kuwekwa mbele ya spika ya gitaa.

Amplifaya ninayotumia ni ya wati 40, yenye valvu (taa za kioo zinazokuza mawimbi ya sauti) mbili za aina ya 6L6 na spika ya inchi 12. Siilaumu kwa ubora. Shida ni kwamba nikiivusha namba 3 tu mwimbaji anageuka kunitazama, na chini ya hapo sauti yake ni safi lakini imelala. Haina ule ukali mtamu unaojitokeza pale valvu za mwisho zinapoanza kufanya kazi kweli na noti ikawa inajibu kulingana na uzito wa mkono. Uzito wake pia unanichosha kila ninapopanda ngazi nayo.

Nimekuwa nikitazama amplifaya zinazotengenezwa kwa mikono na karakana ndogo, na nimebaki na makundi matatu kichwani: za wati 5 zenye valvu moja ya nguvu, za wati 12 hadi 15 za mtindo wa Fender Deluxe ya zamani, na za wati 18 hadi 22. Nina Telecaster na gitaa lingine lenye hambaka (kinasa sauti cha koili mbili), natumia pedali mbili tatu (vifaa vya mguuni vya kubadilisha sauti), na muziki wetu unahitaji sauti safi kwenye beti na sauti inayokoroma kidogo kwenye solo. Je, wati 5 zitasikika juu ya dramu? Na je, bei ya karakana ndogo inalipa, au nanunua jina na ngozi nzuri ya kabati?

FundiValvu

Nianze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayowapotosha wengi. Ukiongeza nguvu mara mbili unapata desibeli 3 tu, tofauti ambayo msikilizaji anaitambua lakini haimshtui, na ili sauti isikike kana kwamba imekua maradufu unahitaji takriban desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Kwa hiyo ukitoka wati 40 kwenda 20, mwimbaji wako ataendelea kugeuka vilevile. Kutoka 40 hadi 5 ni desibeli 9, na hapo ndipo mabadiliko yanakuwa ya kweli.

Jambo la pili, ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti, ni spika. Kila spika ina kipimo cha usikivu kinachoonyesha inatoa desibeli ngapi kwa wati moja, umbali wa mita moja. Celestion Alnico Blue, ambayo inabeba wati 15 tu, imeandikwa desibeli 100, na Greenback G12M ya wati 25 imeandikwa 98, ilhali spika nyingi ndogo za mtindo wa zamani, za inchi 8 na 10, hukaa kwenye 95 au chini yake. Tofauti ya desibeli 5 ni sawa na kuzidisha nguvu mara tatu na kitu. Maana yake ni kwamba amplifaya ya wati 12 yenye spika ya desibeli 100 itaipita kwa sauti ile ya wati 30 yenye spika ya 95, na mtu anayechagua kwa kusoma wati peke yake hajasoma hata nusu ya karatasi.

Sasa wati 5. Valvu moja ya 6V6 au EL84 ina uwezo wa kumudu joto la takriban wati 12, na katika mpangilio wa valvu moja, ambao lazima uwe wa daraja A (valvu inapitisha umeme muda wote), ufanisi hauwezi kuvuka nusu. Ndiyo maana Fender Champ na ndugu zake wote wanaishia kwenye wati 5 hivi, haijalishi aliyezitengeneza ni nani. Ni sauti tamu mno kwa kurekodi. Lakini mpiga dramu anayetumia fimbo, hata mwenye adabu, anafika desibeli 100 bila kutoa jasho, na Champ yenye spika yake ya inchi 8 itakuwa imefunguliwa hadi mwisho muda wote. Utasikika, ila hutakuwa na sauti safi hata kidogo, na wewe umesema beti zako zinataka sauti safi. Wati 5 ningeziondoa kwenye orodha, isipokuwa kama mpiga dramu wenu anatumia brashi.

Kundi la 12 hadi 15 ndilo ningelitazama kwanza, na ndani yake kuna familia mbili. Ya kwanza inatokana na Fender Deluxe ya saketi ya 5E3, iliyotengenezwa kati ya 1955 na 1960: valvu mbili za 6V6, bayasi (mpangilio unaoamua valvu ipitishe umeme kiasi gani inapotulia) ya kathodi, rektifaya (inayogeuza umeme wa AC kuwa DC) ya 5Y3, na hakuna mrejesho hasi (sehemu ya sauti inayorudishwa nyuma) wa kuituliza. Kwa sababu 5Y3 inapoteza volti nyingi na volti hizo zinazama zaidi unapopiga kwa nguvu, noti inabanwa kidogo mwanzoni halafu inachanua. Hicho ndicho unachokitafuta unaposema noti inajibu mkono. Victoria, karakana ya Marekani, wamejenga jina lao kwa kuzirudia saketi hizi kwa uaminifu, na Swart Atomic Space Tone iko katika ujirani huohuo wa 6V6 mbili, ikiwa na riveb (mwangwi) na tremolo (sauti inayopanda na kushuka) juu yake.

Familia ya pili ni ya EL84 mbili, inayotoka kwa Vox AC15 ya 1958 na Marshall ya wati 18 iliyotengenezwa kati ya 1965 na 1967. Huku sauti ni ya Uingereza: sauti za juu zinang'aa, za kati zinasukuma mbele, na ukiifungua inakoroma kwa hasira zaidi. Matchless Lightning imejengwa juu ya msingi huu, na Dr. Z Carmen Ghia pia, hiyo ya mwisho ikiwa na nobu mbili tu, ya sauti na ya toni. Kwa Telecaster mtu anapaswa kuisikiliza kwa masikio yake kabla ya kulipa, maana mng'ao juu ya mng'ao unaweza kuwachoma walioketi mbele.

Mama_Solo

Nakubaliana na Fundi kwenye hesabu, ila sikubaliani naye anapoishia. Kaka Ridhimu amesema mambo mawili yanayovutana: sauti safi kwenye beti na pedali mbili tatu. Saketi ya 5E3 haina sauti safi ya kutosha mbele ya dramu. Ikifika namba 4 tayari imeanza kukwaruza, na kuanzia 6 kwenda juu haiongezi sauti bali inaongeza msongamano. Ukiweka hambaka, nyuzi za chini zinaporomoka, kwa sababu kapasita za kuunganisha hatua zake ni kubwa, mikrofaradi 0.1, na zinaruhusu besi yote ipite hadi kwenye valvu ambazo haziwezi kuimudu. Mashabiki wake wanaipenda hivyo hivyo, nami nawaelewa, lakini mtu anayehitaji kupiga kodi ya noti sita ikasikika noti zote sita atapata tabu.

Kwa kazi yako mimi ningekwenda kwenye wati 20 hivi za 6V6, zile zinazofuata nyayo za Fender Deluxe Reverb ya miaka ya 1960. Hiyo ni wati 22, bayasi isiyobadilika, rektifaya ya GZ34 ambayo haipotezi volti nyingi, na mrejesho hasi unaoshika besi isitawanyike. Kwa Telecaster inakaa safi hadi karibu namba 4 au 5, na dramu wa kawaida hakufuniki. Pedali zinakaa juu yake vizuri kuliko juu ya amplifaya ambayo yenyewe tayari imekwisha kuvunjika. Ukiisukuma kwa pedali ya Tube Screamer, ambayo inapunguza besi na kunyanyua sauti za kati, solo inatoka mbele bila kubadilisha chochote kwenye amplifaya. Ubaya wake ni kwamba sauti za kati hazina nobu. Zimefungwa kwa rezista moja, na ama unaipenda sauti hiyo ama huipendi.

Ukiona 22 ni nyingi, Princeton Reverb ni mdogo wake: wati 12, spika ya inchi 10, 6V6 mbili pia, uzito wa takriban kilo 15 badala ya 19. Karakana nyingi huitengeneza kwa spika ya inchi 12 na transfoma ya kutoa (inayopeleka nguvu kwenye spika) iliyo kubwa kidogo, na hayo mawili yanaipa besi iliyosimama na sauti safi zaidi. Kwangu hiyo ndiyo amplifaya ya ukumbi mdogo kuliko zote tulizozitaja, na kama ningeruhusiwa kubaki na moja tu nisingefikiri mara mbili.

Kuhusu maikrofoni, usiifanye kimbilio la baadaye. Zungumza na fundi mitambo mapema. Maikrofoni moja ya SM57 iliyobanana na kitambaa cha spika, ikielekezwa pale kitovu kinapokutana na karatasi, inafanya wati 12 zifike nyuma ya ukumbi bila wewe kupandisha jukwaani, na mwimbaji anapumua.

Ridhimu_Kwanza

Nawashukuru sana, Fundi na Mama. Mmenisaidia kuona kwamba wati 5 si kwa ajili yangu. Nina maswali mawili yaliyobaki. Kwanza, baadhi ya amplifaya hizi zina nobu ya sauti kuu au kifaa cha kupunguza nguvu ndani yake. Je, si bora ninunue ya wati 20 yenye kifaa hicho, kisha niishushe ninapotaka ivunjike mapema? Pili, karakana niliyoipenda ipo nchi nyingine. Nini cha kuangalia kabla ya kuagiza?

FundiValvu

Hivyo viwili si kitu kimoja, na tofauti yake ni ya msingi. Nobu ya sauti kuu inapunguza mawimbi kabla hayajafika kwenye valvu za nguvu, kwa hiyo mkwaruzo unaousikia unatoka kwenye valvu ndogo za mwanzo, na zile kubwa zinalala usingizi. Kifaa cha kupunguza nguvu, atenyueta, kinakaa kati ya transfoma ya kutoa na spika: valvu zote zinafanya kazi kwa ukamilifu, halafu sehemu ya nguvu inageuzwa joto kabla ya kufika kwenye spika. Kwa unachokitaka wewe, atenyueta ndiyo jibu. Carr Mercury, yenye EL34 moja na wati 8, inashuka kwa hatua hadi wati 2, nusu wati na sehemu moja ya kumi ya wati. Tone King Imperial ya toleo la pili, wati 20 za 6V6, nayo ina atenyueta ndani, tena kwa kila chaneli, hivyo unaweza kuacha chaneli safi ikiwa kubwa na ile ya kukwaruza ikiwa imeshushwa.

Hata hivyo usiitegemee ifanye miujiza. Ukiishusha desibeli 3 hadi 6 hakuna atakayegundua. Ukizidisha hapo, spika inaacha kutikisika kama inavyotakiwa, na sikio lenyewe linabadilika: tangu kazi ya Fletcher na Munson ya 1933 inajulikana kwamba tunaposikiliza kwa sauti ndogo, besi na sauti za juu kabisa zinapungua masikioni kuliko zile za kati. Ndiyo maana watu hununua atenyueta, wakaishusha hadi kiwango cha chumba cha kulala, kisha wakalalamika kuwa imeua toni. Jingine ni kwamba valvu zinachakaa kama vile unapiga kwa nguvu zote, kwa kuwa kweli unapiga kwa nguvu zote.

Na kwa kuwa Mama amenipinga, niseme kwamba kwa mtu mwenye hambaka na beti safi hoja yake ina uzito kuliko yangu. 5E3 niliitaja kwanza kwa sababu ndiyo inayojibu mkono kuliko nyingine zote, lakini kujibu mkono kunataka mtu anayeishi kwenye nobu ya gitaa lake, akishusha hadi 6 kwa beti na kupandisha hadi 10 kwa solo. Kama mazoea yako ni kuacha gitaa kwenye 10 na kufanya kazi kwa miguu juu ya pedali, Princeton au Deluxe Reverb zitakutendea haki zaidi.

MzeeTransfoma

Mwanangu, swali lako la karakana ya nchi nyingine ndilo linalonihusu, kwa kuwa maisha yangu yamekwenda mbele ya benchi nikitengeneza vitu hivi.

La kwanza kabisa ni umeme. Amplifaya nyingi za Marekani zimejengwa kwa volti 120 na mzunguko wa hezi 60, na sehemu kubwa ya dunia inatumia volti 230 na hezi 50. Karakana nzuri itakuwekea transfoma ya umeme yenye mzingo wa kuingilia unaofaa ikiwa utasema kabla hawajaanza kujenga, na nyingine hutumia transfoma inayokubali volti zote mbili kwa kubadilisha waya. Ukipewa jibu la "nunua kifaa cha kushusha volti", kumbuka kwamba kifaa hicho kinabadilisha volti lakini hezi zinabaki 50, na transfoma iliyopimwa kwa 60 peke yake, bila chuma cha akiba, huchemka zaidi kwenye 50. Pata jibu lao kwa maandishi.

La pili ni bayasi. Ile ya kathodi inajirekebisha yenyewe: valvu zikichoka unaweka jozi mpya zilizolinganishwa na unaendelea kupiga. Bayasi isiyobadilika inahitaji fundi mwenye mita na mikono iliyotulia kila unapobadilisha valvu za nguvu, kwani ndani kuna volti mia tatu hadi mia nne na zaidi, na kapasita hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Kama huna fundi unayemwamini karibu nawe, hiyo ni sababu halisi ya kuchagua bayasi ya kathodi. Valvu zenyewe zinapatikana; viwanda vikubwa vilivyobaki ni vya Urusi, Slovakia na China, na 6V6, EL84 na 12AX7 (valvu ndogo ya mwanzo) zote bado zinatengenezwa. Angalia tu kwamba EL84 kwenye amplifaya za mtindo wa Vox hufanyishwa kazi karibu na kikomo chake na huchoka mapema kuliko 6V6 iliyopewa kazi ya wastani.

Sasa kuhusu bei na jina. Ukifungua nyuma ya amplifaya ya mikono utaona ubao wenye vijiti au vitundu vya chuma na waya zilizolehemiwa kwa risasi, na mara chache, kama ilivyo kwa Matchless waliotajwa hapo juu, ambao walianza 1989, vipuri vinaunganishwa moja kwa moja kutoka kituo hadi kituo bila ubao wa saketi. Watu wanadai kwamba toni inakaa hapo. Mimi siamini kwamba elektroni inajua imepita juu ya waya au juu ya ubao uliochapishwa. Ninachojua ni kwamba kipuri kikiungua kwenye ubao wa vijiti, nakiona, nakitoa, naweka kingine, na kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Lakini soketi ya valvu iliyolehemiwa juu ya ubao mwembamba uliochapishwa hukaangwa na joto na kutikiswa kila valvu inapotolewa, hadi njia za shaba zinabanduka. Kiwanda kinaweza kutengeneza ubao uliochapishwa ulio mnene na soketi zikafungwa kwenye chasi, na hapo sina ugomvi nacho. Fedha ya karakana ndogo inalipa zaidi kwenye transfoma ya kutoa, kwenye spika, kwenye kabati la mbao halisi, na kwenye mtu anayepokea simu unapompigia. Kama moja kati ya hayo manne halipo, unalipia ngozi ya kabati.

Usidanganywe pia na maneno "daraja A" kwenye tangazo. Valvu moja ya nguvu, ndiyo, ni daraja A. Valvu mbili zinazosukumana zenye bayasi ya kathodi kwa kawaida huwa za daraja AB (kila moja inapumzika sehemu ya wimbi) mara tu unapozipiga kwa nguvu, na hakuna ubaya wowote katika hilo. Nyingi ya zile mnazozisifu ziko hivyo.

Na kamwe, hata kwa jaribio la dakika moja, usiwashe amplifaya ya valvu bila spika kuunganishwa na kuanza kupiga. Mzigo ukikosekana, volti hupanda kwenye transfoma ya kutoa hadi inapasua utandu wake wa kuhami umeme, na hicho ndicho kipuri cha gharama kuliko vyote vilivyomo humo ndani.

Besi_Pole

Naongeza neno la mpiga besi anayesimama pembeni yenu. Kelele ya gitaa jukwaani mara nyingi haitokani na wati bali na mwelekeo. Spika ya inchi 12 hutupa sauti zake za juu kwa mstari mwembamba, na amplifaya iliyowekwa sakafuni inazitupa kwenye magoti ya mpigaji, naye kwa kuwa hajisikii anapandisha, na walioketi mstari wa mbele ndio wanaoumia. Inyanyue juu ya kiti au iinamishe nyuma ikuelekee masikioni. Utashangaa utakavyoishusha mwenyewe. Kumbukeni pia kwamba NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, inapendekeza usizidishe dakika 15 kwa siku kwenye desibeli 100, na kipindi chetu kimoja tu cha nyimbo kinapita hapo.

Ridhimu_Kwanza

Mzee, shikamoo, na asante. Sina fundi karibu nami, kwa hiyo hoja ya bayasi imenigusa. Hapo ndipo ninapokwama: Mama ananielekeza kwenye mtindo wa Princeton au Deluxe Reverb, na nimesoma kwamba zote mbili zina bayasi isiyobadilika. Kuna njia ya kati? Na nikipata nafasi ya kujaribu amplifaya mbili upande kwa upande, nipige nini?

Mama_Solo

Njia ya kati ipo. Karakana kadhaa hujenga amplifaya za 6V6 mbili zenye bayasi ya kathodi lakini zikiwa na hatua za mwanzo na riveb za mtindo wa miaka ya 1960, na kwa kuwa wanajenga kwa oda unaweza kuomba. Unapoteza sauti safi kidogo na besi inalainika, unapata kitu kinachoketi kati ya 5E3 na Princeton. Ukiiwekea spika ya inchi 12 ya desibeli 98 hadi 100, utakuwa umerudisha kile ulichopoteza. Na kama wewe huna haraka ya kubadilisha valvu, bayasi isiyobadilika haikutishi sana; jozi ya 6V6 iliyotulia hukaa muda mrefu, na karakana inaweza kukuuzia jozi za akiba walizozipima wao wenyewe kwenye amplifaya yako.

MzeeTransfoma

Marahaba, mwanangu. Mama amesema sawa. Mwulize mjenzi pia kama anaweza kukuachia sehemu ya kupimia bayasi nyuma ya chasi, ili fundi yeyote wa redio mwenye mita aweze kuirekebisha bila kuingiza mikono ndani. Ni vitundu viwili na rezista ndogo ya omu moja kwa kila valvu, kazi isiyomgharimu chochote.

FundiValvu

Kuhusu kujaribu: chukua gitaa lako mwenyewe na waya wako, na uombe chumba ambacho unaweza kupandisha hadi kiwango cha dramu, kwa sababu amplifaya yoyote ni nzuri kwenye namba 2. Anza bila pedali. Piga uzi wa E wa chini peke yake kwa nguvu na usikilize kama noti ina umbo au imegeuka tope, kisha piga kodi pana na uhesabu noti zinazosikika. Pandisha hadi inapoanza kuvunjika, halafu, bila kugusa amplifaya, shusha nobu ya gitaa hadi 6. Amplifaya nzuri inasafika na kubaki hai. Mbaya inafifia kana kwamba umeifunika blanketi. Rudia yote kwa hambaka, kwa kuwa hapo ndipo nyingi zinaanguka.

Kisha acha kupiga. Sikiliza mlio wa chini wa umeme wakati nobu ya sauti iko kwenye sifuri, halafu gonga kila valvu ndogo kwa upande wa penseli wenye kifutio. Kama mojawapo inalia kwenye spika kama kengele, hiyo imekuwa maikrofoni na itaanza kupiga miluzi ndani ya kabati linalotikisika. Hilo peke yake si kasoro ya amplifaya, ila muuzaji akuwekee nyingine hapohapo. Na ukiona amplifaya unayoipenda inavunjika mapema mno, jaribu kuomba 12AX7 ya kwanza ibadilishwe na 5751, ambayo ukuzaji wake ni takriban asilimia 70 ya ule wa 12AX7, au 12AY7 ya karibu asilimia 44. Ile Deluxe ya 5E3 yenyewe ilitoka kiwandani na 12AY7 mahali hapo, na wengi wanaoilalamikia kwamba haina sauti safi wanapiga zilizowekewa 12AX7.